Kusaka Sanduku la Barua Kando ya Ziwa Cochituate

Leo napenda kukueleza juu ya mchezo mmoja usiohitaji uwanja wala mpira, ambao wazazi na watoto wanaweza kuucheza pamoja kutwa nzima kwa gharama ndogo. Mtu huficha kisanduku msituni, mlimani au kando ya maji, kisha huandika vidokezo vya kumwongoza mwingine mpaka pale. Ndani ya kisanduku huwekwa muhuri wa mpira, aghalabu uliochongwa kwa mkono, pamoja na daftari dogo. Anayekiona hugonga muhuri huo katika daftari lake mwenyewe, apate kumbukumbu. Kisha hugonga muhuri wake yeye katika daftari la kisanduku, huandika tarehe na salamu, hufunika vizuri na kukirudisha pale pale alipokikuta. Hachukui kitu, wala hakuna zawadi.

Niliucheza mara ya kwanza mwezi wa Juni 2023, katika hifadhi ya Ziwa Cochituate, jimbo la Massachusetts, Marekani, nilipokwenda kumtembelea mdogo wangu. Nimeona niwaandikie akina mama wenzangu, hasa wale wenye watoto au wajukuu wanaokulia mbali na nyumbani.

Mchezo ulikoanzia

Chanzo chake si Marekani bali Uingereza, katika nyanda za Dartmoor, mkoa wa Devon. Huko ni nchi ya mawe, ukungu na udongo wa matope unaodidimiza mguu. Mwaka 1854 mzee mmoja wa kijiji cha Chagford, James Perrott, aliyekuwa akiwaongoza wageni katika nyika hiyo, aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool. Kufika huko wakati ule ilikuwa safari ngumu, na waliofika waliacha kadi zenye majina yao ndani ya chupa kama ushahidi.

Baadaye watu wakaanza kuacha barua na postikadi zenye stempu. Aliyefuata alizichukua, akaenda kuzitia posta, naye akaacha ya kwake. Ndiyo maana mchezo ukaitwa wa masanduku ya barua. Mwaka 1937 kilijengwa kisanduku cha mawe mahali pale pale pa chupa ya mzee Perrott. Mwaka 1998 jarida la Smithsonian la Marekani lilitoa makala juu ya mchezo huu, na tangu hapo Wamarekani wengi wakaanza kuficha visanduku vyao katika misitu na kando ya maziwa.

Ziwa la mabwawa matatu

Ziwa Cochituate liko magharibi ya jiji la Boston, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari barabara zikiwa wazi, nalo linagusa miji ya Natick, Framingham na Wayland. Kwetu sisi tuliozaliwa Mwanza ni kama dimbwi tu, ekari 600 na kitu. Lakini umbo lake linavutia: ni mabwawa makubwa matatu, la kaskazini, la kati na la kusini, yaliyounganishwa kwa vijia vyembamba vya maji vinavyopita chini ya barabara.

Zamani wazungu waliliita Long Pond, yaani Bwawa Refu, mpaka lilipochaguliwa kuwa chanzo cha maji ya Boston, ndipo likapewa tena jina la lugha ya wenyeji. Tarehe 25 Oktoba 1848 watu walifurika katika uwanja wa Boston Common kuyaona maji ya ziwa hili yakiruka juu kwa mara ya kwanza kutoka kwenye bomba. Kabla ya hapo wengi walitegemea visima vya mjini, na sisi wauguzi tunajua kisima kilicho jirani na choo huleta nini. Siku hizi Boston hunywa maji ya mabwawa ya mbali zaidi, na Cochituate limebaki kuwa mahali pa kuogelea, kuvua na kupiga kafi.

Nilipofika ufukoni nilicheka kidogo, kwa maana nilikuta mabango yanayowataka watu wasafishe vyombo vyao kabla na baada ya kuingia majini. Sababu ni gugu moja geni lenye majani kama manyoya, linalosambaa kwa kipande kidogo tu kilichonasa kwenye chombo. Nikawakumbuka wavuvi wetu wa Ziwa Victoria na magugu maji yaliyotusumbua tangu miaka ya 1990.

Kulia, kushoto, polepole

Mdogo wangu ni muuguzi kama mimi, naye hufanya kazi za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Ana mtoto mmoja wa kiume, wakati ule akiwa na miaka 12, aliyezaliwa huko huko. Ni kijana mwenye heshima, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimeishia kwenye "shikamoo" na majina ya vyakula. Kila Jumapili bibi yake alipopiga simu kutoka Mwanza, kijana alisema, "Shikamoo, Bibi." Bibi alijibu, "Marahaba, mjukuu wangu, hujambo?" Baada ya hapo kimya, na simu ikarudi kwa mama yake. Jambo hilo lilimuumiza sana mama yetu, ambaye umri umekwenda na macho yamepungua nguvu. Aliniambia kabla sijasafiri, "Yule mtoto ana sauti ya babu yake, lakini sijui anafikiri nini."

Habari za masanduku ya barua kijana alizijua kutoka shuleni, akaomba twende. Vidokezo alikuwa amevichapa kwenye karatasi. Kisanduku chenyewe kilikuwa kinafikika kwa njia mbili, kwa maji au kwa miguu. Mdogo wangu alikuwa ametoka kazini asubuhi hiyo na kulala saa tatu tu. Hakutaka habari za maji, akasema atatembea kwa njia ya msituni na chupa ya chai. Mimi na kijana tukakodi kayaki ya watu wawili, yaani kimtumbwi chepesi cha plastiki, ambamo kila mmoja hushika kafi lenye bapa pande zote mbili.

Yeye alikaa mbele na karatasi, mimi nyuma. Kabla hatujaondoka nilimwambia, "Mwanangu, mimi ndiye ninayegeuza chombo, na leo masikio yangu yanasikia Kiswahili tu." Akaguna, akacheka, kisha akauliza maneno. Nikampa matano: kulia, kushoto, mbele, polepole, simama.

Sitaandika vidokezo kama vilivyokuwa, maana desturi ya mchezo ni kutomharibia mwenzako. Ila nitasema kwamba tulitakiwa kufuata ufuko wenye misonobari, kupita chini ya barabara, kutafuta jiwe fulani, kisha kushuka na kuhesabu hatua kwa kutumia dira.

"Mama Mkubwa, kushoto!"

"Kushoto kiasi gani, baba?"

Akafikiri. "Kushoto kidogo. Kidogo kidogo."

Tulipita karibu na gogo lililojaa kobe wa maji waliopanga mstari wakiota jua. Mmoja baada ya mwingine wakajitupa majini, na kijana akataka kujua wanaitwaje. Chini ya barabara sauti zetu zilirudi kwa mwangwi na magari yalinguruma juu ya vichwa vyetu. Akapaza sauti, "Polepole!" Mwangwi ukamrudishia, naye akaipenda sauti yake mwenyewe, akarudia mara tatu au nne. Kufikia jiwe lile alikuwa ameongeza kobe, mti, jiwe, daraja na "ngoja kwanza".

Tuliposhuka tulimkuta mama yake ameshafika, ameketi juu ya mzizi. Tukahesabu hatua wote watatu kwa sauti, kijana akipotea kila alipovuka kumi na tano. Kisiki tulichokitafuta kilikuwa na pango dogo lililozibwa kwa magome na majani makavu. Ndani yake mlikuwa na kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, na ndani ya kopo mfuko mwingine wa plastiki, daftari na muhuri wenye picha ya kobe.

Tulisoma daftari lile kwa muda mrefu kuliko tulivyotafuta. Kulikuwa na mihuri ya majani, vyura, nyota na nyayo. Wengine waliandika hali ya hewa tu. Mtu mmoja aliandika kwamba hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutembea umbali ule tangu alipofanyiwa upasuaji wa nyonga. Nimewahudumia wagonjwa wa nyonga miaka mingi, nami nilijua mstari ule mmoja una miezi mingapi ya maumivu ndani yake.

Kijana alitoa muhuri wetu, tuliouchonga usiku uliotangulia kwenye raba ya kufutia, wenye picha ya samaki aina ya sato. Akaugonga. Kisha akashika kalamu, akamuuliza mama yake kwa Kiingereza neno fulani linaandikwaje, mama akamtajia herufi. Akaandika: TUMEFIKA. MAMA, MAMA MKUBWA NA MIMI. Mdogo wangu aligeuka akajifanya anamimina chai.

Kitabu kilichotunza lugha

Tukiwa njiani kurudi mdogo wangu alitueleza habari za mji wa Natick, ambazo baadaye nilizisoma zaidi. Ni habari inayowagusa wote wanaosoma Biblia kwa lugha ya mama.

Mji huo ulianzishwa mwaka 1651 na mchungaji Mwingereza, John Eliot, pamoja na wenyeji wa nchi waliopokea Ukristo. Eliot alijifunza lugha yao kwa miaka mingi, nao wenyeji ndio waliomwezesha kutafsiri. Majina ya baadhi yao yamehifadhiwa: Cockenoe, Job Nesutan, na James Printer aliyefanya kazi katika mtambo wa kupigia chapa. Mwaka 1663 Biblia nzima ilitoka katika mji wa Cambridge, Massachusetts. Hiyo ndiyo Biblia kamili ya kwanza kuchapwa katika bara zima la Amerika, na haikuwa ya Kiingereza bali ya lugha ya wenyeji.

Lakini habari hiyo ina upande wa huzuni. Wenyeji waliokaa katika miji hiyo ya Wakristo walitakiwa kuacha desturi zao nyingi. Na vita vilipozuka mwaka 1675 kati ya wakoloni na makabila ya wenyeji, wakoloni hawakuwaamini hata hao waliosali pamoja nao. Mwezi wa Oktoba mwaka huo watu wa Natick walichukuliwa na kupelekwa katika kisiwa cha Deer, kwenye bandari ya Boston. Wakaachwa huko majira ya baridi, wao na wengine waliokusanywa, mamia ya watu, bila chakula cha kutosha wala makazi. Wengi walikufa kwa njaa na baridi, wakiwamo watoto na wazee. Wazao wa walionusurika wapo hadi leo, nao wanaikumbuka safari hiyo.

Polepole lugha yenyewe ikanyamaza. Wazazi waliacha kuisema na watoto, na kufikia karne ya 19 hakubaki mtu wa kuizungumza. Kwa zaidi ya miaka mia moja ilikaa katika maandishi tu: hati za mashamba, barua, na ile Biblia. Ndipo mwaka 1993 mama mmoja wa kabila la Wampanoag, Jessie Little Doe Baird, alipoanza kazi ya kuirudisha. Alikwenda kusomea elimu ya lugha katika chuo kikuu cha MIT, akayapekua maandishi hayo ya zamani, neno kwa neno. Kisha akafanya jambo ambalo mama yeyote anaweza kulifanya: akazungumza lugha hiyo na mtoto wake mchanga. Binti yake akakua akiisikia nyumbani, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa vizazi kadhaa.

Sisi wenye Kiswahili hatujafika huko. Kiswahili kina watu mamilioni. Lakini ndani ya nyumba moja, lugha inaweza kufa katika kizazi kimoja, na haiulizi kama nje ya nyumba hiyo ina watu wangapi. Mdogo wangu alisema kwenye gari, kwa sauti ya chini, "Dada, mimi nilidhani nitamfundisha nikipata nafasi." Nikamwambia nafasi yenyewe imekuwa saa tatu za Jumamosi na maneno matano.

Kabla sijaondoka tulipanga jambo dogo. Kila Jumapili bibi humtegea mjukuu kitendawili kimoja kwenye simu. "Kitendawili!" "Tega!" Naye ana wiki nzima ya kutafuta jibu, akiruhusiwa kumuuliza mama yake maana ya maneno lakini si jibu. Cha kwanza kilikuwa "Nyumba yangu haina mlango." Alihangaika siku nne, akalipata jibu akiwa anakaanga yai. Bado hajawa msemaji hodari, na ngeli humchanganya. Lakini simu iliyokuwa ikiisha kwa salamu sasa huchukua dakika ishirini, na mama yetu ameanza kulalamika kwamba vitendawili vinamwishia.

Usalama kwanza

Kama muuguzi siwezi kuacha haya.

Majini, kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, hata anayejua kuogelea. Sheria ya Massachusetts inawalazimisha wapiga kafi kulivaa kati ya tarehe 15 Septemba na 15 Mei, kwa sababu maji baridi humlegeza mtu upesi. Watoto wa chini ya miaka 12 hulivaa wakati wote chombo kikiwa safarini.

Msituni huko adui mkubwa ni kupe mdogo sana, anayeweza kuleta ugonjwa wa Lyme. Ugonjwa huo umepewa jina la mji wa Lyme, jimbo la Connecticut, ambako mwaka 1975 akina mama, mmoja wao Polly Murray, waliwasukuma wakubwa wa afya wachunguze kwa nini watoto wengi wanaumwa viungo. Kidudu chenyewe kiligunduliwa mwaka 1982. Vaa suruali ndefu, ingiza miguu yake ndani ya soksi, na ukirudi kagua mwili wote: nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio na kwenye nywele. Kwa kawaida kupe huhitaji kung'ang'ania zaidi ya saa 24 kabla ya kuambukiza. Mwondoe kwa kibanio chenye ncha nyembamba, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja. Usimchome moto wala kumpaka mafuta. Ukiona doa jekundu linalopanuka au homa katika siku 30 zinazofuata, nenda hospitali. Dawa ipo, nayo hufanya kazi vizuri ikianza mapema.

Kwetu hatari ni nyingine. Ziwa Victoria lina kichocho karibu na ufuko, na sehemu nyingine lina viboko na mamba. Mchezo huu tuucheze nchi kavu.

Ukitaka kujaribu nyumbani

Nimekwisha kuucheza mara mbili na watoto wa Shule ya Jumapili katika kiwanja cha kanisa letu, nao wanauomba tena. Unahitaji kopo la plastiki linalofunga vizuri, mfuko wa plastiki usiopitisha maji, daftari, kalamu na pedi ya wino. Muhuri chonga kwenye raba ya kufutia, au kata kiazi mviringo katikati uchonge picha, ingawa cha kiazi hudumu siku moja tu. Kumbuka kwamba maandishi hutokea kinyume, kwa hiyo picha ni rahisi zaidi.

Omba ruhusa kwa mwenye eneo. Usichimbe ardhi, usivunje matawi, na usiweke chakula ndani, kwani kitaleta panya na siafu. Usifiche kwenye matundu ya mawe ambamo mtoto ataingiza mkono bila kuona, maana nyoka nao hupenda matundu. Wafundishe watoto kuchokoa kwanza kwa kijiti.

Vidokezo viandike kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani kwenu, tena viwe kama vitendawili. Wape watoto wazee wa kuwauliza. Kwetu kidokezo kimoja kilitaja kinu, na watoto watatu hawakujua kinu ni nini. Ilibidi wakamuulize bibi mmoja mwenye nyumba ya jirani, naye akawatolea chake na kuwatwangisha kidogo kabla ya kuwaruhusu waendelee.

Mwisho, waeleze kanuni moja ambayo ndiyo mchezo wenyewe. Ukishakiona kisanduku, ukasoma, ukagonga muhuri wako na kuandika salamu zako, kifunge vizuri ukirudishe pale pale, ili na mwingine akikute.